Barua ya Darasa la Tano kwa Babu wa Ulaya

Siku nilipoagwa kazini kwa kustaafu, hapa Ipagala, Dodoma, walimu wenzangu walinipa vitenge viwili, sufuria la kupikia ukoo mzima, na hotuba ndefu iliyosomwa na mtu ambaye hakuwahi kuniona nikifundisha. Alikuwa anasema mimi ni taa ya elimu pale umeme ulipokatika, kipaza sauti kikafa, na sikusikia iliyobaki. Baadaye walimu vijana wawili wakanivuta pembeni.

"Mama, hii mada ya uraia wa dunia, wewe ulikuwa unaifundishaje? Sisi tunaisoma ilivyo, watoto wanasinzia."

"Na ninyi?"

"Na sisi tunasinzia, Mama."

Nikawaambia nitawaandikia. Vyeo nitaviruka kwa sababu ni vichache, na mshahara mnaujua.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule moja ya vilimani, upande wa Busi, Kondoa. Jina la shule naliacha, maana watu wake wako hai na wana simu. Mimi ni Mgogo wa Kongwa, nimekulia tambarare, mahali ambapo ng'ombe wa jirani unamwona tangu anatoka zizini hadi anapoingia shambani mwako. Vile vilima vilinitisha. Watu wa pale ni Warangi, Waislamu karibu wote, wakulima wa mahindi, ulezi na mbaazi. Niliingia na begi moja, Biblia, jiko la mafuta ya taa na Kiswahili cha chuo. Watoto wengi walikuwa na Kirangi chao nyumbani, Kiswahili walikikuta shuleni pamoja na chaki na viboko.

Kipindi changu cha kwanza kilikuwa Uraia, darasa la tano. Nilikuwa na andalio la somo la kurasa tatu, wino wa rangi mbili. Nikauliza kwa sauti ya kujiamini, "Raia ni nani?"

Kisha mtoto mmoja akasimama. "Raia ni mtu asiye na bunduki."

"Eleza zaidi."

"Askari akija, raia anakimbia."

Darasa likapiga makofi. Andalio langu halikuwa na sehemu ya kuandika jibu kama hilo. Nilitoka nikaenda ofisini nikikaribia kulia, nikamkuta Mwalimu Swalehe anachambua mbaazi juu ya daftari la mahudhurio. Yeye alikuwa mwenyeji wa kijiji hicho hicho, mwalimu wa darasa la tatu, mwenye suruali iliyojaa alama za viganja vya chaki, na mgomvi wa kupindukia. Nikamweleza. Akacheka mpaka mbaazi zikamwagika.

"Sasa amekosea wapi?" akaniuliza. "Ulimuuliza anachokijua au kilichomo kwenye karatasi yako?"

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwamba ukiuliza swali, hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kulijibu mwenyewe, maana mtoto wa kwanza kunyoosha mkono amekariri, anayefikiri huja baadaye. Alinifundisha kukata chaki vipande vitatu ili mwezi ufike mwisho, na kusimama karibu na dirisha darasa likiwa na watoto zaidi ya tisini na wametoka kucheza mpira. Hayo chuoni hayakufundishwa. Chuoni tulifundishwa kuchora jedwali.

Vifaa vyetu vya kufundishia dunia vilikuwa ramani moja ya ukutani. Mchwa walikuwa wamekula Amerika ya Kusini yote na kuanza Australia. Kwa miaka mingi wanafunzi wangu waliamini Brazili ni timu tu, haina ardhi.

Miaka ikaenda, nikawa mimi ndiye mwalimu mkongwe wa Uraia, na Mwalimu Swalehe akabakiza mwaka mmoja astaafu. Ndipo ukaja mradi. Tuliitwa mjini Dodoma, ukumbi wa hoteli, tujifunze kuleta dunia darasani. Kulikuwa na bango kitita la karatasi kubwa za kufunua, maka peni za rangi nne, na mwezeshaji aliyetutaka tusimame duara na kurushiana bonge la uzi ili tuone jinsi binadamu wote walivyounganishwa. Tuliunganishwa kweli. Ilichukua nusu saa kutufungua, na mwalimu mmoja wa Bahi akaondoka na uzi wote, akasema ana magunia ya kushona. Tukapewa vyeti vyenye picha ya mikono ya rangi zote imeshikana. Changu nilikibandika ofisini juu ya kabati, nikajiona mtaalamu.

Kiini cha mradi kilikuwa barua. Darasa langu lingeandikiana na darasa la shule moja ndogo huko kaskazini ya Ulaya, kwenye baridi. Kila upande ungeeleza tatizo la jamii yake, na upande wa pili ungeshauri. Barua zilipita kwa dada wa mradi aliyeitwa Glory, msichana mchangamfu wa mjini mwenye kitambulisho shingoni, aliyekuja kwa pikipiki na kusema "okei" hata pale ambapo hakuna kitu kilichokuwa okei. Yeye alizileta zimetafsiriwa na kuchapwa, na kuzichukua zetu.

Mwalimu Mkuu alifurahi kuliko wote. Aliniita ofisini akanipa karatasi iliyoandikwa tayari matatizo ya jamii yetu: madawati, tangi la maji, kompyuta, na "chochote kingine watakachoona kinafaa."

"Watoto ndio wanatakiwa waandike, Mwalimu Mkuu."

"Waandike. Wewe waandikishe hayo."

Lakini barua ya wenzetu ndiyo iliyotangulia kufika, nikaisoma darasani. Walisema shule yao ina watoto wachache sana, huenda ikafungwa. Darasa langu, lililobanana watano kwa dawati, lilishtuka.

"Mwalimu, tuwagawie," alisema mmoja. "Wachukue dawati lote la nyuma."

Halafu nikasoma kipande cha msichana aitwaye Elin. Aliandika kwamba tatizo analoliona yeye ni babu yake, Oskar. Bibi alikufa, babu anaishi peke yake kwenye nyumba iliyo mbali, wanamwona wakati wa sikukuu tu. "Anaongea na redio," aliandika.

Hapo hakucheka mtu. Mtoto mmoja akauliza polepole, "Redio inamjibu?"

"Haimjibu."

"Basi babu huyo ana shida kubwa, Mwalimu. Kubwa kuliko madawati."

Wakaanza kutoa ushauri kwa fujo. Wahamie kwa babu. Babu ahamie kwao. Mmoja akasema aletwe huku, maana bibi yake yeye ni mjane na anapenda watu warefu. Niliandika yote kwenye bango kitita, tukayapunguza, na tukaanza barua yetu kwa sentensi ambayo darasa zima liliipenda: "Sisi kwetu mzee haachwi peke yake." Nami niliipenda. Ilikuwa na heshima ndani yake, na ilikuwa mara ya kwanza kwa watoto hao kumpa mzungu kitu badala ya kumwomba.

Kila mtoto alitakiwa aandike jina lake chini. Karatasi ikazunguka, ikafika kwa Mwanahawa, ikasimama. Mwanahawa alikuwa na miaka kumi na miwili, mwandiko mbaya kuliko wote, na ugonjwa wa kusahihisha watu. Aliwahi kumwambia mwalimu wa zamu mstarini, mbele ya shule nzima, kwamba kengele imewahi.

"Mimi siandiki jina," akasema. "Hii barua ina uongo."

"Uongo gani?"

"Bi Mwasiti anakaa peke yake."

Bi Mwasiti alikuwa kikongwe aliyeishi kule juu kwenye kona ya mlima, macho mekundu, hana mtoto aliye hai. Kijiji kizima kilimwita mchawi. Hakuna aliyepita kwake, hakuna aliyemwalika, na mtoto akiugua homa jina lake ndilo lililotajwa kabla ya jina la zahanati. Mvulana mmoja akajibu kwa ajili ya wote, bila ubaya wowote, kama anayesahihisha hesabu:

"Yule ni mchawi. Hahesabiki."

Sasa niwaambie nilifanya nini mimi, mtaalamu mwenye cheti cha mikono iliyoshikana. Sikuhesabu hata kumi. Nilisema, "Tuendelee," nikampa karatasi mtoto aliyefuata. Maana mimi mwenyewe, miaka yote ile, nilikuwa nikienda kisimani kwa njia ndefu ili nisipite mlangoni kwa Bi Mwasiti. Mkristo wa Kongwa, msomi, nazunguka mlima na ndoo kichwani kwa kumuogopa bibi.

Mwanahawa hakuendelea. Jioni ile, bila kumwambia mtu, alipanda mlima akaenda kumwamkia Bi Mwasiti na kumuuliza kama ni kweli anakaa peke yake, ili barua iandikwe vizuri. Aliporudi akawaeleza nyumbani kwao, kwa furaha.

Asubuhi baba yake alinikuta langoni. Aliitwa Issa, mnunuzi wa mbaazi na ufuta, mtu mpole ambaye siku hiyo hakuwa mpole.

"Mwalimu Yunisi, wewe unawatuma watoto wetu kwa wachawi?"

"Shemeji Issa, mimi sikumtuma."

"Anasema ni somo. Ni somo au si somo?"

Lilikuwa somo. Na wakati tunabishana akaja mtu na habari: nyumba ya Bi Mwasiti imepigwa mawe. Mabati mawili yametoboka. Watu walikuwa wamesikia kwamba sasa anaita watoto wa shule.

Nilikwenda kukaa ofisini. Mmesikia, kama nilivyosikia, yaliyowapata vikongwe wa macho mekundu katika sehemu nyingine za nchi hii. Mawe ndiyo mwanzo. Na huu mwanzo nilikuwa nimeuleta mimi, kwa maka peni za rangi nne. Mwalimu Mkuu akaja kunifariji kwa njia yake.

"Ungeandikisha madawati," alisema, "haya yote yasingetokea."

Kikao cha wazazi kikaitishwa kesho yake, uwanjani. Walikuja wengi kuliko wanaokuja kusikiliza matokeo ya mtihani. Issa alisema shule inafundisha mambo ya nje na kuharibu watoto. Wengine wakataka mradi ufutwe na mimi nihamishwe. Mwenyekiti wa kijiji akatazama viatu vyake. Nikasimama, nikaeleza habari za babu Oskar na redio yake, na sentensi ya barua, na jina lililokosekana. Nikasema mtoto hakukosea, mimi ndiye niliyekosea kumpita. Nikakaa. Hawakulainika. Mama mmoja alisema, "Kakae kwenu Kongwa."

Ndipo Mwalimu Swalehe akainuka, na mimi nikafumba macho, maana alikuwa hajawahi kuinuka kikaoni bila kutukana mtu.

"Nani hapa amewahi kurogwa na Mwasiti?" akauliza. "Asimame. Aonyeshe ugonjwa."

Hakuna aliyesimama.

"Mimi nilianza kumuogopa nikiwa na miaka saba. Sasa nakaribia kustaafu. Nimemuogopa kuliko nilivyosali. Nimechoka. Kesho baada ya vipindi nakwenda kumwamkia. Nikifa, makaburi yetu mnayajua. Nisipokufa, mtu atakayerusha jiwe tena aje kwanza arushe kwangu, nyumba yangu haina ulinzi wowote isipokuwa mke wangu."

Watu wakacheka, kwa sababu mke wake walimjua. Kicheko kile kiliondoa hewa ya ugomvi, lakini msidhani kiliwabadilisha. Waliondoka bado wananung'unika.

Kesho yake tulikwenda sita: Mwalimu Swalehe, mimi, Mwanahawa, watoto wawili jasiri au watundu, na Issa, aliyesema anakuja kumlinda binti yake. Mlangoni Mwalimu Swalehe alinisukuma mbele. Shujaa wetu wa kikao alikuwa anatoka jasho.

"Shikamoo Bi Mwasiti," tukasema kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

Bibi akatutazama. Chumba kilijaa moshi wa kuni, hakina dirisha. Nikaelewa papo hapo macho yale yanapata wapi wekundu. Nilitegemea machozi, kukumbatiana, mambo ya kwenye vitabu vya mradi.

"Marahaba," akasema. "Mmechelewa. Mabati yangu nani atayaziba?"

Alikuwa na ulimi mbaya kuliko wa Mwalimu Swalehe, na hapo nikaona kwa nini yule alimuogopa. Alituambia tusikae kwenye mkeka wake na matope. Akamwambia Issa kwamba babu yake Issa alikuwa mwizi wa mbegu, jambo ambalo nadhani lilikuwa kweli, maana Issa hakubisha. Mwanahawa akamsomea barua ya Elin, akiigeuza kwa Kirangi. Bibi akasikiliza hadi mwisho.

"Huyo mzee ana redio?"

"Anayo, Bibi."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi mwambieni apunguze kulalamika." Akasogeza kuni motoni. "Halafu mwambieni asubuhi ndiyo mbaya. Jioni unachoka, unalala. Asubuhi unaamka, unapika uji wa mtu mmoja. Mwulizeni kama na kwake ni hivyo."

Mwanahawa aliandika yote kwa ule mwandiko wake mbaya. Issa aligeuka akatazama nje muda mrefu. Kisha akauliza mabati yaliyotoboka ni yapi.

Tulikwenda kubadilisha barua. Sentensi ile ya mzee haachwi peke yake tukaikata, na watoto wenyewe wakaandika nyingine. Naikumbuka neno kwa neno: "Kwetu pia yupo bibi anayeishi peke yake. Tulikuwa tunamuogopa. Sasa tunamuogopa kidogo." Mwanahawa akaandika jina lake, akachafua karatasi kwa wino. Glory alipokuja kuichukua aliisoma mara mbili, akasema safari hii bila "okei":

"Dada Yunisi, hii haiko kwenye mwongozo."

"Najua."

"Naipeleka hivi hivi."

Orodha ya Mwalimu Mkuu haikwenda. Aliniandikia barua ya onyo. Aliandika vizuri sana, mwandiko wa kalamu ya wino. Sikuijibu.

Babu Oskar alijibu. Picha yake ilionyesha mzee mrefu, kakunja uso, redio mezani. Alisema ndiyo, asubuhi ndiyo mbaya. Akauliza Bi Mwasiti anaweka nini kwenye uji. Tangu hapo barua zao zilipita ndani ya barua za darasa, mwaka mzima na kidogo, wazee wawili wakilalamikiana kuhusu magoti, na watoto wangu wakijifunza tafsiri kwa lazima. Tulikuwa tunakwenda kwa Bi Mwasiti kwa zamu. Wazazi wengine walikataza watoto wao, nikawaacha. Hakuna mawe yaliyorushwa tena.

Halafu shule ya kule ikafungwa kweli, na mradi ukaisha kama miradi inavyoisha, kwa fomu. Glory alileta bahasha ya mwisho. Ilitoka kwa Elin mwenyewe. Babu yake amefariki. Aliandika kwamba baada ya barua za Bi Mwasiti yeye na mama yake walikuwa wanakwenda kila Jumamosi, wanalala, ili babu asiamke peke yake Jumapili.

Tulipanda mlima kumwambia. Bi Mwasiti alimtaka Mwanahawa asome tena pale penye Jumapili. Kisha akasema anataka kumsomea marehemu hitima, na tumwite shehe.

Shehe wa kijiji alifika kwa wasiwasi, akasimama nje. "Bi Mwasiti, huyo marehemu alikuwa Muislamu?"

"Sijui. Alikuwa mpweke."

Shehe akafikiri. "Hitima siwezi. Lakini sadaka ya chakula hakatazwi mtu. Lisha watu."

Bibi akapika. Alipika ubwabwa kwa mchele ambao sijui aliuweka tangu lini, na mbaazi za nazi kavu iliyoletwa na mke wa Mwalimu Swalehe, masinia manne. Habari zilienea, watu wakapanda, kwanza kwa udadisi. Wakajaa uani, wanaume huku, wanawake kule, masinia yakawekwa chini, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mnaelewa jambo lenyewe. Watu wale walikuwa hawajawahi kula chakula kilichopikwa na mikono ile. Salamu ni kitu kimoja, tonge ni kitu kingine. Mimi mwenyewe nilikuwa nimenawa, na mkono wangu ulikuwa magotini.

Bi Mwasiti alisimama mlangoni na mwiko. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hana la kusema.

Issa alikuwa amekaa karibu na sinia la katikati. Alitazama binti yake, akatazama watu. Akasema "Bismillahi" kwa sauti ya mtu anayejitupa mtoni, akafinyanga tonge, akala. Uwanja mzima ukamtazama akitafuna. Akameza.

"Chumvi kidogo," akasema.

"Nimepika kwa ajili ya marehemu, si kwa ajili yako!" Bi Mwasiti akafoka kutoka mlangoni, na watu wakaanza kula.